Barua ya wazi kuhusu saratani ya pua na sinusi: muulizeni mgonjwa kazi yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA),
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF)

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu saratani ya tundu la pua na ya sinusi, yale matundu yenye hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso: kwenye mashavu, katikati ya macho na kwenye paji. Ni saratani adimu. Kwa mwaka haimpati hata mtu mmoja katika kila watu 100,000, na katika saratani zote za kichwa na shingo ni kama 3 hadi 5 kati ya 100. Najua mezani kwenu kuna mlango wa kizazi, kuna tezi dume, kuna umio, na sibishani na hesabu hiyo. Ila kuna kundi moja la Watanzania ambao kwao ugonjwa huu haupaswi kuhesabiwa kuwa bahati mbaya tu. Tunajua wanakaa wapi, tunajua wanafanya kazi gani. Na kinachoamua nani kati yao ataishi hutokea mapema mno, kwenye zahanati ya mtaa, kabla bingwa yeyote hajamwona.

Kundi hilo ni mafundi seremala.

Nendeni Keko hapa Dar es Salaam siku yoyote ya kazi, mpite taratibu katikati ya vitanda na makabati yanayosubiri vanishi. Anayepiga msasa wa mashine mtamtambua kwa kope zake, zimegeuka rangi kwa unga wa mninga. Mdomoni amefunga kitambaa, au hana kitu kabisa, maana kitambaa kikishalowa jasho hakipumuliki. Jioni anajipuliza kwa kompresa ili aende nyumbani msafi, na vumbi lote linampanda tena usoni. Baba yangu alikuwa fundi wa namna hiyo tangu ujana wake. Mama alikuwa akizifua leso zake kando na nguo nyingine, kwa sababu kamasi iliyokuwa humo ilikuwa ya kahawia, rangi ileile ya mbao aliyoshinda nayo. Nyumbani kwetu hakuna aliyeshtuka. Tulichukulia kuwa ndiyo kazi ilivyo.

Kwamba vumbi la mbao huleta saratani si siri wala si habari ya jana. Miaka ya 1960, huko High Wycombe, mji wa Uingereza uliokua kwa biashara ya viti, daktari wa masikio, pua na koo aitwaye Esmé Hadfield aliona kwamba wagonjwa wa saratani ya sinusi wanaofika kwake ni wengi kupita ilivyotarajiwa, na kwamba wengi wao ni watengeneza samani. Aliona hivyo kwa sababu alitaka kujua wanafanya kazi gani. Yeye na wenzake, akiwemo Ronald Macbeth wa Oxford na mtafiti Donald Acheson, walifuatilia, na mwaka 1968 matokeo yao yakachapishwa. Mwaka 1969 Uingereza ikaiingiza saratani hiyo kwenye orodha ya magonjwa ya kazi yanayolipwa fidia. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, likaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo hakuna shaka kwamba huleta saratani kwa binadamu. Mwaka huohuo, uchambuzi uliounganisha tafiti 12 ulionyesha kwamba hatari ya aina moja ya saratani hii, adenokasinoma, kwa wanaume wanaofanya kazi za mbao ni zaidi ya mara 13 ya wengine, na kwa wale wanaovuta vumbi jingi zaidi inafika mara 45.

Kuna watakaosema hao walikuwa wakichonga mwaloni na miti mingine ya Ulaya, sisi tuna miti yetu. IARC ilipoorodhesha miti migumu, mvule umo na msaji umo. Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo cha vumbi la miti migumu mwaka 1999 haukuchagua mti. Ulisema miligramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na baadaye ukashusha kikomo hicho hadi miligramu 2 kuanzia Januari 2023. Wenzetu wanaendelea kukaza kamba miaka zaidi ya 50 baada ya Hadfield. Kwenye karakana aliyofanyia kazi baba yangu, hakuna aliyewahi kuja kupima hewa.

Naomba nieleze jinsi ugonjwa wenyewe unavyojificha, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yangu. Chembe za vumbi la msasa zinanaswa na pua, nyingi zinatua sehemu za juu na katikati, jirani na sinusi za etimoidi zilizo kati ya macho. Zinakaa hapo siku baada ya siku. Kutoka fundi anapoanza kuvuta vumbi hadi uvimbe kuonekana hupita miaka mingi, mara nyingi 30 au 40, kwa hiyo anayeugua leo huenda aliacha randa zamani na sasa anauza duka. Uvimbe unapoanza unakua ndani ya nafasi yenye hewa, haumkandamizi mtu, haumuumi. Upande mmoja wa pua unaziba. Mara mojamoja damu inachuruzika kutoka tundu hilohilo. Harufu zinapungua. Basi. Lakini mfupa unaotenganisha sinusi hizo na jicho ni mwembamba kama ganda la yai, na juu yake kuna kipande kingine chembamba kinachozitenga na ubongo. Jicho likianza kutokeza, au mtu akianza kuona vitu viwiviwili, saratani imekwisha kuvuka mpaka. Hata katika nchi tajiri wagonjwa wengi hugundulika wakiwa wamefika hatua ya 3 au ya 4. Kwetu hali haiwezi kuwa nafuu kuliko huko.

Baba alianza kuziba pua ya kushoto. Zahanati walimpa dawa ya aleji. Akarudi, akapewa antibayotiki na matone. Akarudi tena, safari hii wakamwambia ana nyama za puani, akaelekezwa kituo kingine ambako zilikatwa, akaonyeshwa kwenye kisahani, zikatupwa. Hakuna kipande kilichopelekwa maabara. Alipumua vizuri kwa muda, sisi tukashukuru Mungu, kisha pua ikaziba tena na jicho la kushoto likaanza kutoa machozi bila kukoma. Nimezisoma kadi zake zote mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Zimeandikwa mafua sugu, sinusaitisi, aleji, nyama za puani. Pale penye nafasi ya kazi ya mgonjwa pameachwa wazi, kadi baada ya kadi. Na neno kushoto, ambalo lingetosha kumshtua mtu, limeandikwa mara moja tu, pembeni, kwa mwandiko wa haraka.

Siwalaumu wale matabibu kama watu. Aleji huziba pua zote mbili, mafua huziba pua zote mbili, na kwa wagonjwa wengi mno dawa walizotoa zingefaa. Lakini pua inayoziba upande mmoja tu, au inayotoa damu upande mmoja tu, wiki baada ya wiki, kwa mtu mzima, ni dalili inayodai kuangaliwa ndani kwa kamera. Mtu huyo akiwa amefanya kazi ya mbao, kungoja ni kumwangamiza. Tabibu anahitaji kuambiwa hivyo na mwongozo anaoutumia, kwa maneno yasiyo na kona.

Daktari kijana wa kwanza kumuuliza baba, "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?" alikuwa kwenye kliniki ya pua, baada ya picha ya CT. Baba alipojibu, yule kijana alinyamaza kidogo, akaiandika kwenye faili kwa herufi kubwa, akaagiza kinyama kichukuliwe siku hiyohiyo. Swali moja. Halihitaji umeme wala mashine.

Sasa niseme kuhusu kuishi, kwa sababu hili ndilo familia zinalouliza kwa sauti ya chini na ndilo zinalojibiwa vibaya kuliko yote. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba kwa saratani za pua na sinusi kwa ujumla, karibu watu 6 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baada ya kugundulika. Wastani huo unaficha watu wawili tofauti kabisa. Yule ambaye saratani yake haijatoka pale ilipoanzia, nafasi yake ni zaidi ya 8 kati ya 10. Yule ambaye imekwisha kuingia kwenye sehemu za jirani au tezi za shingo, inashuka hadi karibu nusu. Mtu ni yuleyule, pua ni ileile. Kilichobadilika ni miezi aliyozungushwa. Nikisema uamuzi unafanyika zahanati, ndicho ninachomaanisha.

Halafu kuna jina la saratani yenyewe. Watu wanasema "saratani ya pua" utadhani ni ugonjwa mmoja, na wengine wanaichanganya na ile ya nyuma ya pua, nasofarinksi, ambayo mara nyingi inahusiana na kirusi cha Epstein-Barr na matibabu yake ni mengine. Ndani ya pua na sinusi peke yake kuna aina nyingi. Adenokasinoma ya mafundi, ikifanyiwa upasuaji mzuri kisha mionzi, zaidi ya nusu ya wagonjwa katika hospitali kubwa za Ulaya wanafika miaka 5. Esthesioneuroblastoma, inayoota kwenye neva za kunusa na iliyoelezwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1924, mara nyingi hufikisha watu 7 au 8 kati ya 10 kwenye miaka hiyo 5, lakini inaweza kurudi hata baada ya miaka 10, kwa hiyo mgonjwa wake haruhusiwi kuacha kliniki kwa sababu tu anajisikia mzima. Kasinoma ya adenoidi sistiki hutambaa taratibu kufuata neva. Mtu anavuka miaka 5 akiwa salama, kisha inarudi mwaka wa 12. Melanoma ya ndani ya pua, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya mwili, ni kali: wanaofika miaka 5 ni kama robo hadi theluthi. Na kuna limfoma za puani, yaani saratani za seli za kinga ya mwili, zinazotibiwa kwa mionzi na dawa, ambazo kumpasua mgonjwa uso kwa ajili yake ni kumtesa bure. Ndiyo maana kipande kinachokatwa hakipaswi kutupwa kamwe, na ndiyo maana maabara inahitaji zile rangi maalumu za kutofautisha seli. Bila jina sahihi hakuna matibabu sahihi, na hakuna mtu mwenye haki ya kutamka mgonjwa ataishi muda gani.

Kwetu ilitamkwa. Kabla majibu ya maabara hayajatoka, ukumbini, mbele ya mama, tuliambiwa, "Hii ni saratani ya kichwa, mrudisheni mzee nyumbani akapumzike." Mama aliinua kanga akajifunika uso. Majibu yalipotoka ilikuwa adenokasinoma, imegusa ukuta wa jicho, haijaingia kwenye ubongo. Alipasuliwa kwa kupitia puani kwa kamera, bila kukatwa uso, akamaliza mionzi. Saratani ilirudi baadaye na ndiyo iliyomwondoa. Lakini katikati hapo kulikuwa na miaka, miaka ya kufanya kazi nyepesi, ya kumwoza mdogo wangu, ya kugombana na mafundi wanaompandishia paa. Tungemtii yule aliyesema mrudisheni, miaka hiyo isingekuwepo. Ninapodai ukweli kuhusu kuishi sidai matumaini ya bandia. Kama ingekuwa melanoma iliyosambaa, ningetaka kuambiwa hivyo, kwa upole, mlango ukiwa umefungwa, na dawa ya maumivu ikiwa imekwisha kuandikwa.

Mheshimiwa Waziri, ninachoomba kwako kinaingia kwenye ukurasa mmoja. Katika mwongozo wa taifa wa matibabu unaotumika kuanzia zahanati, uandikwe wazi: mtu mzima mwenye pua iliyoziba upande mmoja, au inayotoa damu upande mmoja, kwa zaidi ya wiki 3 aulizwe kazi yake ya sasa na za zamani, na apewe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Asipewe mzunguko wa tatu wa antibayotiki. Iandikwe pia kwamba kila nyama ya puani inayokatwa, popote pale, iende maabara. Na nafasi ya kazi kwenye kadi isiruhusiwe kuachwa tupu. Neno "mkulima" au "mjasiriamali" kwa mzee aliyeshika randa nusu ya maisha yake ni sawa na kutoandika kitu. Taarifa hiyo ndiyo itakayolisaidia daftari la saratani kutuambia, kwa mara ya kwanza kwa uhakika, mafundi wetu wangapi wanaugua.

Na kuna jambo la mionzi. Kozi yake kwa saratani hizi kwa kawaida ni siku 5 kwa wiki kwa wiki 6 au 7. Hospitali zenye mashine ni chache: Ocean Road hapa Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza, na nyingine za kuhesabu. Fundi wa Mafinga au Songea hawezi kwenda na kurudi. Anahitaji pa kulala. Wengi wanaokatisha mionzi hawakatishi kwa kukata tamaa, wanakatisha kwa kuishiwa nauli na chakula. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 tunayo. Kanuni zake ziangalie na malazi ya mgonjwa wa mionzi, maana kozi iliyokatishwa katikati ni pesa ya umma iliyomwagwa na mgonjwa asiyepona.

OSHA, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imewapa mamlaka. Msije Keko na faini kwanza. Mafundi wale wamepanga uwanja, wanalipa kodi, wanalisha familia, na wakifungiwa Jumatatu watahamia kichochoro kingine Jumanne, pasipo hata feni. Njooni na vipimo vya vumbi, na fundi wa kuwaonyesha jinsi ya kufunga feni ya kufyonza yenye bomba na mfuko kwenye mashine ya msasa, jambo ambalo mafundi wetu wenyewe wanaweza kulitengeneza wakionyeshwa mara moja. Pigeni marufuku kupuliza vumbi kwa kompresa, wafagie baada ya kunyunyiza maji au watumie mashine ya kufyonza. Barakoa ziwe zile za kuchuja vumbi, zinazobana uso. Kitambaa si barakoa. Na mnapopima afya za wafanyakazi wa viwanda vya samani, muwatazame puani. Kusikiliza kifua hakutoshi.

Mfuko wa Fidia, kwenu nina swali linalohitaji jibu la maandishi. Shirika la Kazi Duniani limeitaja saratani inayotokana na vumbi la mbao kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazi ya mwaka 2010. Mfuko wenu unachangiwa na waajiri. Baba yangu hakuwa na mwajiri. Alikuwa na meza, msumeno na wateja. Mafundi wa aina yake ndio wengi. Je, mtu aliyejiajiri anaingiaje, akitaka kuchangia mwenyewe kupitia chama cha mafundi cha eneo lake? Na yule aliyewahi kuajiriwa kiwandani, akaugua miaka 30 baada ya kiwanda kufungwa, mnamtaka alete ushahidi gani? Ugonjwa huu haumkuti mtu kazini. Unamkuta mzee, ameshasahau hata jina la msimamizi wake. Taratibu zenu zikidai barua ya mwajiri, mmemkatalia kabla hajafika dirishani.

Nakala ya barua hii naipeleka kwa uongozi wa mafundi wa Keko. Majibu yenu tutayabandika pale karakana, penye ubao wa matangazo, wasome wenyewe.

Wenu,
Binti wa fundi seremala,
Temeke, Dar es Salaam